Kidani cha Nyanya na Tumbo la Nta

Nilikwenda kukagua mali yangu. Nisijitie usomi, sikuvutwa na sanaa. Miezi miwili kabla, binti wa jirani yangu hapa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, alikuja barazani na daftari, akasema kuna mama mchongaji kutoka Uingereza amekodi nyumba ya ghorofa mbili karibu na Ndia Kuu, na anaazima vyombo vya fedha vya zamani: vidani, mitali, makasha ya hirizi. Hanunui, anaazima tu na mnaandikiana. Wenzangu wawili walimfukuza. Mimi nikampa kidani cha nyanya yangu, mzaa mama, kwa sababu binti huyo nilimpokea kwa mikono hii siku aliyozaliwa, kilo mbili na nusu, akalia kabla hajatoka vizuri. Mtu wa namna hiyo kumnyima kitu ni kazi. Akaniandikia risiti. Usiku ule sikulala.

Basi nyumba ilipofunguliwa watu watazame michongo yake nilikuwa wa kwanza mlangoni, risiti mkobani.

Anayetaka habari za haraka ni hizi. Ukitokea Ngomeni shika Ndia Kuu, ukifika kwa muuza kahawa uliza nyumba ya yule mama wa nta, utaonyeshwa. Kiingilio ni shilingi 300 kwa wakazi, watoto bure. Inafunguliwa saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, Jumapili hadi Alhamisi. Ijumaa imefungwa kwa ajili yetu, Jumamosi kwa ajili yake. Viatu huvuliwa chini. Ngazi ni za mbao, za zamani, zimesimama wima kama za kupandia darini. Mwenye goti kama langu ashike kamba, na buibui alikunje. Maji ya kunywa yako mtungini na kata yake. Choo kiko chini peke yake, kwa hiyo malizia haja zako kabla ya kupanda.

Jina la mchongaji silitaji, kaniomba mwenyewe, na kwa dunia ilivyo sikumwuliza mara mbili. Ni Myahudi, ana hamsini na kitu, anaishi London. Nyanya yake mzaa mama alizaliwa San'a, akaondoka Yemen mwaka 1949 pamoja na wale Mayahudi karibu 49,000 waliopandishwa ndege Aden, mwaka huo na uliofuata, wakapelekwa Israeli. Kibokoni watu walinung'unika, tusifichane. Mmoja aliniambia barazani, "Bi Mkunga, wewe nawe, wakati huu wa Gaza?" Nikaenda nikamwuliza mama huyo swali hilohilo kama nilivyoulizwa, mbele ya watu. Alinyamaza kidogo. Akasema ana mtoto wa kiume wa miaka kumi na tisa, na kwamba habari za kule zimemwondolea usingizi, za maiti wa pande zote. Jibu hilo halitamridhisha kila mtu. Mimi lilinitosha kupanda ngazi.

Nilidhani nitapita moja kwa moja mpaka kwenye fedha. Sikufika. Ghorofa ya kwanza, dirisha la mashariki, juu ya kigogo cha mvule kisichopigwa randa, pana kiwiliwili cha mwanamke kutoka chini ya shingo hadi katikati ya mapaja. Hakina kichwa wala mikono. Ni nta ya nyuki tupu, imetoka Kitui, rangi yake kama samli iliyoganda, na chumba kizima kinanukia asali na moshi kidogo. Binti akaniambia, "Gusa Bi Mkunga, katuruhusu." Asingeniambia pia ningegusa.

Sasa mimi nimekaa wodi ya wazazi miaka 31. Tumbo la mwanamke sitazami, nalipapasa. Nikaweka kiganja, nikatafuta kitovu, nikashuka vidole viwili, na pale chini ya vidole pakawa pamejikaza kama chungwa. Mama akishajifungua, kizazi huwa usawa wa kitovu, kisha kila siku inayopita kinashuka kama upana wa kidole kimoja. Ndiyo saa yetu sisi wakunga, hatuhitaji kalenda. Nikageuka nikamwambia mchongaji, huku binti akitafsiri: huyu kazaa juzi. Siku ya pili.

Akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe alichonga mjamzito wa miezi tisa. Aliiweka pale dirishani mwezi wa tatu, jua likiingia asubuhi na joto likifika nyuzi 33. Nta ya nyuki haiyeyuki mpaka nyuzi 62 hivi, lakini kulegea inalegea. Kila siku tumbo lilishuka kidogo, ngozi ikajikunja ubavuni, kitovu kikatazama chini. Angeweza kulihamishia chumba cha nyuma penye kivuli. Akaliacha. "Mimi nilichonga mjamzito," akasema, "Mombasa ndiyo iliyomzalisha."

Kwa kitu hicho kimoja shilingi 300 zangu zilikuwa zimekwisha kulipwa. Nimeona picha nyingi za uzazi, zile za kuta za kliniki, mama anang'aa, mtoto katulia kama mkate. Sijaona popote mtu aliyechonga siku ya pili. Siku ya pili ndiyo siku yenyewe: tumbo tupu ambalo bado linaonekana limejaa, mama anajitazama kwenye kioo cha chooni na kujiuliza kama kuna mwingine amebaki ndani. Wageni wanaletewa mtoto wamtazame, yeye anapewa uji wa pilipili manga na kuambiwa lala. Nilikaa pale kwenye kibao karibu nusu saa. Nilikumbuka wanawake ambao majina yao nilidhani nimeyasahau.

Nta si ya bahati, ameichagua. Kwao mwanamke wa nyumba ndiye awashaye mishumaa Ijumaa kabla jua halijatua, ndipo Sabato inaingia. Nyanya yake San'a alikuwa akiwasha taa ya mafuta, lakini mamake alikwisha kuwa wa mishumaa. Kwa hiyo nta kwake ni mkono wa mamake ukikinga moto usizimwe na upepo. Haya alinieleza kwa mdomo na yalinikaa. Kibandiko cha ukutani hakisemi hivyo. Kibandiko ni cha Kiingereza tu, kirefu, na kinasema kwamba kalibu ya mchongaji ni kama tumbo la uzazi, kwa sababu nta huyeyushwa ikatoka, nafasi ikabaki, na shaba ikamiminwa ndani.

Hapo nilipinga, na napinga tena hapa. Kalibu ni kitu kinachokaa tupu kikisubiri. Kizazi hakikai tupu. Mtoto akitoka kinabaki na uzito wa karibu kilo moja, na kinaanza kujikunja palepale, kwa uchungu, mama akinyonyesha kinauma tena, mpaka baada ya wiki sita kimebaki gramu 60 au 70, unaweza kukifumbata kiganjani. Kalibu gani inafanya kazi hiyo? Nilimwambia. Alitoa kalamu akaandika gramu zile kwenye mkono wake, kama wanafunzi wetu wa uuguzi walivyokuwa wakiandika zamani. Niliporudi wiki iliyofuata kibandiko kilikuwa kilekile. Haya.

Wiki sita ni arubaini na siku mbili za bakshishi, kila mwanamke wa pwani anajua. Kumbe na wao wanayo. Katika Torati, kitabu cha Walawi sura ya 12, aliyezaa mtoto wa kiume huhesabu siku 40, saba na kisha 33. Aliyezaa wa kike huhesabu 80, mara mbili. Kwenye ukuta wa chokaa mkabala na lile tumbo ametundika kamba mbili za usumba zilizotungwa kauri: moja 40, moja 80, ile ndefu imefika sakafuni ikajikunja kama nyoka aliyeshiba. Nilizihesabu, ndiyo, mimi ni mtu wa kuhesabu. Kwa nini msichana amchoshe mamake mara mbili? Mchongaji alisema masheikh wao wametoa sababu nyingi na hakuna hata moja iliyomkaa. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa nyuma yangu akasema kwa sauti, "Basi huyo angalau alipumzishwa siku themanini, mimi siku ya saba nilikuwa jikoni." Tukacheka wote. Hiyo ndiyo kazi niliyosikia watu wakiizungumzia zaidi walipokuwa wakishuka ngazi, na sielewi kwa nini imewekwa kwenye kona yenye giza.

Kati ya vyumba viwili vya ghorofa hiyo pana mlango, na mlango huo usiupite haraka. Juu ya kizingiti fundi wa zamani alichonga Bismillahi, maua pembeni, kazi ya nyumba yenyewe, hakuna aliyeigusa. Kwenye mwimo wa kulia mchongaji amepigilia kijikasha cha kioo, kirefu kama kidole. Mayahudi huweka kwenye miimo ya milango yao kijikasha chenye ngozi iliyoandikwa kwa mkono maneno ya Torati, wanakiita mezuza. Hiki chake hakina ngozi. Kina kile kitambulisho cha plastiki anachofungwa mtoto mchanga mguuni hospitali. Jina lililoandikwa juu yake ni la mama.

Sheria ya zamani ya Mayahudi inasema mtoto hufuata mama. Mama akiwa Myahudi basi mtoto ni Myahudi, baba awe yeyote. Kuna kundi lao kule Marekani lililoamua mwaka 1983 kuwapokea na waliozaliwa na baba Myahudi peke yake, wakilelewa hivyo, na bado wanabishana. Sisi huku ukoo ni wa baba na jina ni la baba, ingawa ukipita Mji wa Kale ukauliza nyumba hii ya nani na ile ya nani, utatajiwa wanawake wengi kuliko unavyodhani. Lakini nyie mnaosoma, mkazae popote duniani, wodini mtoto hana baba. Miaka 31 nimekata vipande vya plasta nyeupe, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito, "Mtoto wa Mwanaisha", "Mtoto wa Kadzo", "Mtoto wa Grace", nikavizungusha kwenye vifundo vya miguu vinene kama kidole changu. Mwarabu, Mgiriama, Mkamba, Mhindi. Hata sharifu, kizazi chake chote cha Mtume kimeandikwa kwenye karatasi nyumbani, usiku wa kwanza anaitwa kwa jina la mamake na kwa plasta ya shilingi mbili. Akienda nyumbani ile plasta hukatwa kwa mkasi, hutupwa kwenye ndoo. Sijawahi kufikiri kwamba ni kitu cha kuwekwa ndani ya kioo.

Katika nyumba nzima hiyo ndiyo malighafi ya bei rahisi kuliko zote, na ndiyo ilinipa kazi kubwa ya kujifuta macho.

Ngazi ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza. Juu ndipo nilipokuta mali yangu. Kidani kilikuwa ndani ya kioo, juu ya pamba nyeupe, kimesafishwa lakini hakikung'arishwa, jambo ambalo masonara wetu wa siku hizi hawalijui: wanakisugua mpaka ule weusi wa ndani, unaoonyesha nyuzi na vipunje, unatoka na kitu kinabaki kama sufuria. Mnyororo, vipunje, kasha la hirizi katikati la duara refu, njuga saba chini. Moja ilikatika mwaka ambao mamangu aliolewa. Zilikuwa zilezile saba. Nikapumua.

Pembeni yake, kutoka kwenye boriti za mkoko za dari, amening'iniza makasha 16 ya hirizi. Ameyafanyia kalibu kutoka vitu alivyoazima kwa wanawake wa mtaa, kisha akayamimina kwa fedha, na binti alinionyesha lile lililotoka kwenye langu. Kovu la upande wa kushoto lipo. Kumi yako wazi, unaweza kutazama upande mmoja ukaona bahari upande wa pili. Sita yamezibwa kwa nta. Chini, sakafuni, juu ya kipande cha jiwe la matumbawe, pana sarafu moja: riale ya Maria Theresa.

Wazee wetu waliijua riale hiyo. Ina uso wa mwanamke mnene wa kifua, na tarehe 1780 hata ikipigwa mwaka jana, kwa sababu huo ndio mwaka aliofariki na tangu hapo hawakuibadilisha. Gramu 28 na ushei, sehemu 833 za fedha katika kila elfu. Ilipendwa Bahari ya Shamu yote, Uhabeshi, Arabuni, mpaka pwani yetu. Mwenyewe alikuwa mtawala wa Austria, na alizaa watoto 16. Kumi walifika utu uzima. Nilipoambiwa hivyo nikatazama tena yale sita yenye nta, na sikuhitaji kibandiko.

Mama huyu wa watoto kumi na sita, mwaka 1744, alitoa amri Mayahudi wote wa mji wa Prague wafukuzwe. Walitoka kwenye baridi la kwao na hawakuruhusiwa kurudi mpaka 1748. Na fedha yenye uso wake ikasafiri mpaka Yemen, ambako kwa karne nyingi kazi ya ufua fedha ilikuwa mikononi mwa Mayahudi hasa. Wakaitia motoni. Uso ukayeyuka, ukavutwa ukawa nyuzi, nyuzi zikasukwa zikawa makasha ya hirizi, nao wakawauzia maharusi wa Kiislamu.

Nyanya yangu alikuja na kidani kile kutoka upande wa Hadhramaut, hukohuko Yemen, kwa jahazi, akiwa na umri wa miaka kumi na minne au kumi na mitano. Nilimwuliza mchongaji, hiki nacho? Hakuapa, na nilimheshimu kwa kutoapa. Alisema magharibi ya Hadhramaut kulikuwa na mji wa Habban ambao Mayahudi wake walikuwa wafua fedha, waliondoka karibu wote mwaka 1950; kwamba vipunje namna hii amewahi kuviona kwenye sanduku la babu yake; kwamba fundi hakuweka alama. "Labda," akasema kwa Kiarabu cha nyanya yake, na mimi nikamwelewa kwa Kiarabu cha nyanya yangu. Yeye huita hirz, sisi hirizi. Wanawake wa kwao walikuwa wakitundika maandishi kwenye chumba cha mzazi kumkinga mtoto na jini la kike linalonyonga vichanga. Kule wodini mimi nilikuwa mkali sana wa hirizi. Nilizikata mikononi mwa watoto nikitafuta mshipa, mama zao wakinilaani. Sijutii, mshipa ni mshipa. Lakini baada ya hapo nilikuwa nikizihifadhi kwenye bahasha na kuwarudishia, siku zote, na mpaka leo sijui kwa nini nilijisumbua.

Upepo wa saa kumi ukiingia kutoka bandari ya zamani, makasha yale hugongana. Sauti ni ndogo, kama vijiko kwenye nyumba ya pili. Nendeni wakati huo. Saa sita mchana hakuna upepo na kazi yote inakufa.

Si kila kitu kimefaulu. Kuna chumba cha chumvi, vipande vikubwa vya chumvi ya Gongoni vimepangwa duara, na unyevu wa Mji wa Kale unavila. Kinamaanisha machozi, kinamaanisha agano, kinamaanisha bahari. Kikimaanisha vyote hivyo mimi nabaki na chumvi iliyolowa. Kuna vitambaa viwili, kimoja cha sufu na kimoja cha kitani, vimetundikwa karibu karibu bila kugusana, kwa sababu Torati inakataza kuvisuka pamoja. Wazo limesimama vizuri, kazi yenyewe inafanana na kamba ya kuanikia nguo. Jiwe la matumbawe lililo chini ya ile riale ndilo ningetaka lipewe nafasi zaidi. Ameliumba kwa kulisugua na jiwe jingine na mchanga na maji, bila chuma hata kidogo, kwa vile katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati wameamrishwa mawe ya madhabahu yasiguswe na chuma. Mafundi wetu wa kale walichonga matumbawe laini yangali na maji ya bahari, kabla hayajakauka yakawa magumu. Fundi mmoja wa milango aliyekuwepo siku ile alilipapasa jiwe lile muda mrefu, akaniambia pembeni, "Huyu mama ana subira, au hana kazi."

Mezani kuna kitabu cha picha za kazi za wachongaji wengine wa Kiyahudi, nacho kimefungwa kamba kisiibwe. Kifungueni. Kuna Chana Orloff aliyechonga mwanawe Didi kwa mti. Ile sanamu iliporwa Paris wakati wa vita vya Hitler na ikarudi kwa familia mwaka 2023. Kuna Anish Kapoor, mzaliwa wa Mumbai mwaka 1954, ambaye familia ya mamake ilitoka Baghdad. Mwaka 1992 alifanya ukuta mweupe uliofura kama mimba. Ukisimama mbele yake huoni kitu, ukienda ubavuni unaiona. Mimi ningesema wiki ya thelathini na sita, na mtoto kakaa vizuri.

Na kuna Eva Hesse. Alizaliwa Hamburg mwaka 1936. Alikuwa wa miaka miwili alipopandishwa treni na dadake kupelekwa Uholanzi ili wasiuawe. Wazazi wakawafuata, wakafika New York mwaka 1939, na mamake akajiua mwaka 1946, Eva hajatimiza miaka kumi. Alifanya kazi zake kwa utomvu wa mpira akijua kwamba hautadumu. Akafa mwaka 1970, umri wa miaka 34, uvimbe wa ubongo. Baadhi ya kazi zake leo zimekuwa kahawia na zinavunjika, haziwezi hata kutundikwa. Wanaoandika juu yake huona hapo siri kubwa. Mimi niliona stoo yetu ya hospitali. Glavu za mpira zikikaa kwenye joto letu mwaka na nusu zinanata, zinageuka rangi ya chai, ukizivuta zinakatika kama ngozi ya maziwa. Tulikuwa tukizitupa kwa maboksi. Mtu aliyepoteza mamake namna ile akachagua kitu hicho kwa makusudi, nilifunga kitabu nikaenda kunywa maji.

Sasa darasa, maana wengi mtaulizia. Kila Jumapili saa tisa, shilingi 1,000, watu wanane. Unaambiwa uje na kitu cha mamako, unakigandamiza kwenye udongo, halafu unaendelea hapo kwa mikono. Mimi nilikwenda na mbuzi ya nazi ya mamangu, ile kibao chake kimeingia shimo kwa kukaliwa. Meno yake kwenye udongo yanatoa alama kama jua linalochomoza. Kijana mmoja alileta simu yenye ujumbe wa sauti wa mamake na hakujua agandamize nini. Mchongaji alimwambia agandamize sikio lake mwenyewe, na kile kisikio kilitoka kizuri kuliko vyote. Anafundisha kwa upole, hakugusi kazi yako, na haharakishi mtu. Hadi hapo sina neno.

Lakini jamani, udongo hauchomwi. Hakuna tanuri. Vilianikwa juu ya paa, jua la saa nane, bila kufunikwa, na mtu yeyote aliyewahi kufinyanga chungu angewaambia kwamba udongo hukaushwa kivulini, taratibu. Nilirudi Jumatano nikakuta jua langu limepasuka katikati. Sikio la yule kijana limebanduka. Tulipewa gundi na samahani. Kwa shilingi 1,000 nilitaka kitu cha kuweka juu ya kabati, nikapata vigae viwili. Nendeni na gunia lenu lililoloweshwa mkafunike wenyewe, au mlipe 300 mkatazame tu.

Na vibandiko viandikwe Kiswahili. Binti wa jirani anatafsiri vizuri, ana akili, lakini siku aliyokuwa na mtihani tulitembea mle kama vipofu, na mwenye nyumba ya jirani, ambaye dirisha lake linaitazama ile kazi ya nta kutoka ng'ambo ya kichochoro, alikaa miezi miwili akidhani ni mwanasesere wa duka la nguo.

Jana nilikwenda kuchukua kidani. Kilipimwa mbele yangu kwa mizani ya sonara, gramu zilezile za kwenye risiti, na mchongaji akanikabidhi kwa mikono miwili. Aliuliza kitakwenda kwa nani. Nikamwambia nina wana watatu wa kiume na mjukuu mmoja wa kike, na kwamba ameuliza swali ambalo nimelikimbia miaka mingi. Tumbo la nta lilikuwa limeshuka tena, ningesema siku ya tisa sasa, kizazi hakipapasiki, na nilimwonyesha kwa vidole pale kinapojificha nyuma ya mfupa.

Nyumbani nilikitazama kwa miwani. Kwenye vipunje vya kasha, upande lilipotolewa umbo, imebaki nta kidogo. Nilichemsha maji nipate kuitoa. Halafu nikayatia maji yale kwenye birika, nikapika chai. Ukikifumbata kidani mkononi kikapata joto, kinanukia asali kwa mbali.